Nani Mwenye Kauli juu ya Asili? Kituo cha Wasanii na Dhana ya Sanaa Asilia katika Mwambao wa Rumonge

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa sanaa za Afrika Mashariki, neno "asilia" hutumiwa kana kwamba maana yake imekwisha kukubalika: sanaa asilia ni ya wenyeji, na wenyeji ni waliotangulia kufika. Fasili hii hukwama inapofikishwa Rumonge, mji wa uvuvi na mawese kando ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi, ambako Kiswahili husikika sambamba na Kirundi. Makala haya yanadai kwamba thamani ya kituo cha sanaa kinachoendeshwa na wasanii wenyewe haimo katika kuhifadhi asili, bali katika kubadili nani mwenye kauli juu yake. Dai hili linajadiliwa kwa kuangalia ngoma ya Burundi, ufinyanzi wa Watwa na kituo cha Paa ya Paa cha Nairobi, kisha linapimwa kwa historia ya Rumonge yenyewe.

2.0 Ngoma na Chungu

Katika Kirundi, neno ingoma hutaja ngoma na pia utawala. Ufalme ulifutwa mwaka 1966, lakini uhusiano wa ngoma na dola haukukatika. Mwaka 2014 UNESCO iliiorodhesha ngoma ya kifalme katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mwaka 2017 amri ya rais iliwakataza wanawake kuipiga, ikaweka idhini na ada kwa maonyesho yaliyo nje ya sherehe rasmi. Amri hiyo ilitetewa kwa hoja ya kulinda utamaduni. Hata hivyo, katazo haliwekwi dhidi ya jambo ambalo hakuna anayelitenda wala kulitamani. Sanaa ilikuwa ikibadilika mikononi mwa wapigaji. Dola ikaisimamisha, na kule kusimama kukaitwa asili.

Chungu cha Mtwa kina kisa kilicho kinyume. Watwa ndio wanaotambuliwa kimataifa kuwa watu wa asili wa Burundi, na Katiba ya 2005 iliwatengea viti vitatu katika Bunge la Taifa na vitatu katika Seneti. Vyungu vyao, vinavyofinyangwa kwa mkono, vilipikia kaya za majirani zao. Lakini mila ya ubaguzi iliwazuia majirani hao kula nao chombo kimoja. Aliyekifinyanga chungu hakukaribishwa kula kilichopikwa ndani yake. Plastiki na sufuria zilipoenea, soko la vyungu lilififia. Na kwa kuwa Watwa wengi hawana ardhi, hata udongo huupata kwa ridhaa ya wengine. Ngoma imelindwa hadi ikafungwa; chungu kimeachwa. Kote kuwili, kauli si ya msanii.

3.0 Mfano wa Paa ya Paa

Paa ya Paa ilianzishwa Nairobi mwaka 1965 na Elimo Njau, mchoraji mzaliwa wa Tanzania, pamoja na wenzake. Jina lenyewe lacheza na lugha: paa ni mnyama, na kupaa ni kuinuka. Msimamo mashuhuri wa Njau ni kwamba msanii asinakili. Msimamo huo kwa kawaida husomwa kama onyo dhidi ya kuiga Ulaya, lakini mantiki yake yamgusa pia anayenakili mababu zake. Moto wa mwaka 1997 uliteketeza kazi nyingi, ila kituo hakikufa, kwa kuwa hakikuwa ghala la vitu tu. Udhaifu wake nao usifichwe: kwa miongo mingi kimetegemea mno familia ya mwanzilishi, na kituo cha wasanii kikawa karibu kituo cha msanii mmoja.

4.0 Kipimo cha Rumonge

Mfano huo hauwezi kuhamishiwa Rumonge bila kukabili historia. Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi wenye mauaji ulizuka mwambaoni, Rumonge na Nyanza-Lac. Kisasi cha dola kikaua watu wengi zaidi nchini kote. Wengi walikimbilia Tanzania, katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na mashamba waliyoyaacha yakagawiwa wengine. Baadhi yao waliporudi miongo kadhaa baadaye, shamba moja lilikuwa na wenyewe wawili: aliyefukuzwa na aliyezaliwa hapo baada yake. Katika mazingira hayo, swali la nani mwenyeji ni swali la mpaka wa shamba. Kituo kitakachojitangaza kuwa cha sanaa ya wenyeji kitakuwa kimetoa hukumu kabla ya picha ya kwanza kutundikwa.

5.0 Hitimisho

Hoja hii haifuti madai ya Watwa. Inayapeleka mahali panapostahili. Kinachotakiwa mwambaoni ni kituo ambacho uanachama wake unatokana na kazi ya mikono badala ya ukoo, na ambacho uongozi wake una ukomo. Kipimo chake ni rahisi: mfinyanzi wa Kitwa anapoingia, je, anaoneshwa rafu ambapo chungu chake kitawekwa, au kiti katika kamati inayoamua kipi kiwekwe? Penye jibu la kwanza pana makumbusho. Penye la pili ndipo kituo cha wasanii kinapoanzia.