Fundi wa Litungu

Mpigaji wa litungu akifika kwenye sherehe Musoma, haanzi na wimbo. Huketi, akazungusha vitambaa vilivyoviringishwa kwenye mti wa juu, kimoja kimoja, huku akidonoa nyuzi na kusikiliza. Nyuzi ni nane. Wageni huendelea na soda zao wakidhani bado anajiandaa, kumbe nusu ya ufundi inapita hapo mbele yao: hana kinanda cha kumpa sauti ya kulinganishia, ana sikio tu, na sikio hilo lilinolewa nyumbani, kwa baba au mjomba.

Chombo chenyewe ni cha Wakurya: bakuli la mti lililochongwa na kuwambwa ngozi, mikono miwili, na mti uliokingama juu. Siku hizi nyuzi huwa za nailoni, kama mishipi ya wavuvi wa ziwani. Uzi mnene ukiguswa hunguruma, na mngurumo huo ndio utamu wake. Anayetaka sauti safi kama ya gitaa atafute gitaa. Wajaluo wa Rorya nao wana nyatiti, ambayo mpigaji wake huvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu na kugongea mti wa chombo. Mtu mmoja anaimba, anapiga nyuzi na kujipigia mapigo.

Wapo wanaodhani muziki wa kusomewa ni wa Ulaya peke yake. Hata huko, kama litungu, ulipita majumbani. Ira Aldridge, mwigizaji mweusi kutoka Marekani aliyevuma Ulaya karne ya 19, alizaa wanamuziki. Binti yake Luranah alichaguliwa kuimba opera za Wagner huko Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1896, maradhi yakamzuia. Mdogo wake Amanda alipoharibikiwa koo aligeukia kufundisha, na kwake London walipita waimbaji Marian Anderson na Paul Robeson.

Desemba 1962, Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, aliunda wizara ya utamaduni akilalamika kwamba wengi walijua rumba kuliko ngoma za kwao. Leo pale Bunda, harusi hukodi spika. Litungu huletwa mgeni rasmi anapoingia, likapigwa dakika chache, basi.

Mwenye mzee mpigaji nyumbani ampelekee mtoto jioni akakae naye. Na shule inayomwita kwenye mahafali imlipe kama inavyomlipa mwenye spika.