"Vichocheo vya Kiume" Usoni mwa Msichana: Istilahi za Chunusi

Hivi karibuni tulipata kusoma kijitabu cha afya kilichofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Humo msichana anaelezwa kwamba vipele vya usoni mwake vimeletwa na vichocheo vya kiume pamoja na mafuta ya ngozi, na kwamba dawa zitamponya. Sarufi ya maelezo hayo haina kasoro. Istilahi zake, hata hivyo, zaweza kumpotosha msomaji, na gharama ya upotofu huo hulipwa na ngozi yake.

Tuanze na vipele. Upele ni maradhi ya kuwasha yaletwayo na utitiri, nayo huambukiza kwa kugusana. Chunusi haiambukizi. Mwanafunzi aliyesoma "vipele" huenda dukani kuomba dawa ya vipele, na mara nyingi hupewa krimu yenye steroidi, ambayo yenyewe yaweza kuzusha chunusi. Kiswahili kina neno chunusi, na litumike. Kwamba ni jina pia la shetani wa majini azamishaye waogeleaji si hoja, kwa kuwa muktadha huzitenga maana hizo mbili.

Neno la pili ni kichocheo. Mwingereza Ernest Starling alipolitangaza neno homoni mwaka 1905, alilitoa katika kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kuchochea. Mfasiri, basi, hakubuni ovyo. Lakini wanakemia wamekwisha kulitwaa neno hilo kwa kitu kiharakishacho mmenyuko, na wengine hulitumia kwa maana ya kimeng'enya. Sasa tujaribu kueleza yatokeayo ngozini: kimeng'enya hugeuza homoni ya testosteroni kuwa dihidrotestosteroni, iliyo na nguvu zaidi. Kama vyote viwili ni vichocheo, sentensi hiyo haiandikiki. Homoni limekwisha kuzoeleka kwa walimu na waganga, nasi hatuoni sababu ya kulikimbia.

Kosa lililo kubwa zaidi ni sifa ya "kiume". Homoni zinazokusudiwa ni androjeni. Ni kweli kwamba wanaume wanazo nyingi zaidi, lakini mwili wa kila mwanamke huzitengeneza pia, katika ovari na katika tezi zilizo juu ya figo. Wakati wa kubalehe huongezeka kwa wavulana na wasichana, na kuzikuza tezi za mafuta zilizo katika vinyweleo. Mafuta huzidi, seli zilizokufa huziba tundu, bakteria huongezeka, na uvimbe hutokea. Wanawake wengi wenye chunusi wana kiasi cha kawaida cha androjeni katika damu. Tezi za ngozi zao ndizo zinazoitikia kwa nguvu. Msichana aambiwaye ana "vichocheo vya kiume" hudhani kwamba jinsia yake ina hitilafu, na kwa aibu huficha jambo ambalo angepaswa kumweleza daktari, hasa ikiwa hedhi yake haina mpango na nywele zinamwota kidevuni. Tunapendekeza androjeni, bila kivumishi.

Tukija kwenye mafuta ya ngozi, hayo ndiyo tunayoyanunua kwa kujipaka. Msomaji ataacha kujipaka, au atasugua uso kwa sabuni hadi uchubuke, akidhani chanzo ni uchafu. Iandikwe sebamu, na mara ya kwanza ifafanuliwe kuwa ni mafuta yatolewayo na tezi za ngozi.

Mwisho ni kuponya. Dawa za kupaka, kama benzoili peroksidi na adapalini, huhitaji wiki 6 hadi 12 kabla ya kuonyesha manufaa. Aliyeahidiwa kupona huziacha wiki ya pili na kugeukia mkorogo, ambao huenda una zebaki. Kutibu ndilo neno la haki.

Hata majina ya tiba za homoni yanataka uangalifu. Mwanamke mwenye chunusi aweza kuandikiwa vidonge vya uzazi wa majira. Mzazi akilisikia jina hilo peke yake, atamshuku binti yake. Heri mfasiri aandike: vidonge vyenye estrojeni na projestini, vinavyopunguza androjeni. Spironolaktoni, inayozuia androjeni zisifanye kazi, hupewa wanawake, ila si wajawazito. Aisotretinoini, iwapayo nafuu wenye chunusi kali, huharibu mimba; hapo onyo liwe wazi kuliko istilahi yoyote.

Kwa maoni yetu, mfasiri wa maandishi ya afya hana budi kujiuliza jambo moja kabla ya kuidhinisha neno: msomaji akilisoma peke yake, bila mwalimu wala daktari kando yake, atafanya nini? Kijitabu tulichokisoma kingeulizwa hivyo, kisingefika shuleni kama kilivyo.