Manyoya ya disko na ganda la mti

Sisi wa Bunia tulichezaka «Y.M.C.A.» kwenye arusi mingi bila kuuliza wale wanaume sita walivaa nini. Kikundi chao, Village People, kilianzishwa New York mwaka 1977 na Wafaransa wawili, Jacques Morali na Henri Belolo. Wimbo ulitoka 1978. Polisi, askari, mjengaji, mchunga ng'ombe, mtu wa pikipiki: zile ni nguo za kazi au za barabara, mtu anavaa, jioni anavua. Lakini yule wa manyoya kichwani? Ile si kazi, ile ni kabila. Felipe Rose aliyeyavaa anasema baba yake alikuwa Mlakota, basi yeye hatumlaumu. Tunalaumu jukwaa lililoweka kabila zima sawa na kofia ya polisi.

Na siye je? Kwenye sikukuu hapa mjini tumeona wachezaji wamevaa ganda la mti la Bambuti, lile wanaume wanalipondaponda na wanawake wanalichora, na kati yao hakuna hata Mumbuti mmoja. Watu wanapiga makofi! Sikukuu ijayo tunaomba Bambuti wenyewe wa Mambasa waitwe, wacheze, walipwe sawa na vikundi vingine.