Duolingo na Mwanafunzi wa Kiswahili: Uhakiki

Kila kizazi cha wageni waliotaka kujifunza Kiswahili kilikuwa na mwalimu wake wa kwanza, na mara nyingi mwalimu huyo alikuwa kitabu. Mwaka 1870 Edward Steere alitoa kitabu chake cha sarufi na msamiati, alichokiandaa kwa msaada wa wenyeji wa Unguja. Mwaka 1944 E. O. Ashton alitoa sarufi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa wanafunzi wa Ulaya na kwingineko. Vitabu hivyo vilisomwa na wataalamu, vikapimwa, vikasifiwa palipostahili sifa na kukosolewa palipokuwa na kasoro. Siku hizi mwalimu wa kwanza wa watu wengi ni programu iliyomo katika simu ya mkononi, na mojawapo ijulikanayo sana ni Duolingo. Haifai programu hiyo iachwe bila kupimwa, ati kwa sababu si kitabu. Afundishaye lugha, awe mtu, kitabu au chombo, hana budi kuulizwa swali moja: ajifunzaye kwake hujifunza kufanya nini?

Duolingo ilianzishwa Pittsburgh, Marekani, na Luis von Ahn, mzaliwa wa Guatemala, na Severin Hacker, mzaliwa wa Uswisi, ambao walikutana katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 2012. Katika miaka yake ya mwanzo wanafunzi walipewa pia maandishi ya intaneti wayatafsiri, na waanzilishi walitumaini ya kuwa kazi hiyo ingeleta fedha za kuendeshea mafunzo. Mpango huo uliachwa baadaye, lakini tafsiri imebaki kuwa nguzo ya mazoezi. Mafunzo ya Kiswahili kwa wajuao Kiingereza yalitolewa mwaka 2017, nayo yalitungwa na watu wa kujitolea, wakiwamo waliopata kutumikia Peace Corps. Utaratibu wa kujitolea ulikomeshwa mwaka 2021.

Somo moja huchukua dakika chache. Mwanafunzi huonyeshwa sentensi ya lugha moja, naye hutakiwa kuitoa katika lugha ya pili. Aweza kuiandika kwa herufi, lakini aghalabu hupewa vibao vidogo vyenye maneno yaliyokwisha andikwa, akavigusa kimoja kimoja mpaka sentensi itimie. Mazoezi mengine humtaka aoanishe neno na maana yake, au ajaze pengo. Akipata, huongezewa alama. Akiendelea kila siku bila kukatiza, huhesabiwa mfululizo wa siku zake. Na alama zake humpandisha au kumshusha katika ligi ya wanafunzi wenzake. Anayemhimiza ni bundi wa kijani. Kwa Waswahili wengi bundi ni ndege wa kisirani, wala hakuna aliaye naye dirishani usiku akapokewa kwa furaha. Lakini hilo si kosa la kumhukumia mwalimu.

Yafaa sifa zitangulie. Kwanza, masomo ya msingi hupatikana bila malipo, na mtu aliye mbali na darasa lolote la Kiswahili huweza kuanza siku hiyo hiyo. Wako watoto wa Waswahili waliozaliwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini ambao hawana shule ya kuwafundisha lugha ya bibi zao. Kwao mlango huu, hata ukiwa mwembamba, ni mlango. Pili, programu hii imeshika vema kanuni ya marudio. Tangu Hermann Ebbinghaus alipotoa utafiti wake mwaka 1885 imejulikana ya kuwa mtu husahau upesi jambo alilojifunza mara moja, na hukumbuka zaidi akirudishiwa kwa vipindi. Mwaka 2016 Burr Settles wa Duolingo na mwenzake Brendan Meeder walieleza hesabu ya kukadiria ni lini mwanafunzi atakuwa karibu kulisahau neno fulani, ili arudishiwe kabla halijampotea. Hiyo ni kazi ambayo kitabu hakiwezi kuifanya, na mwalimu mwenye wanafunzi 40 haiwezi kirahisi.

Lakini hapo penye sifa ndipo penye kasoro kubwa. Kitu kinachopewa mwanafunzi, kinachorudiwa, na kinachohesabiwa ni neno. Katika Kiingereza jambo hilo lina ubaya mdogo, maana maneno yake mengi husimama pekee na kubadilika kidogo. Katika Kiswahili neno ni nyumba yenye vyumba. Atazamwe mpishi wa sentensi hii: “Hawakunipikia wali.” Kwa Kiingereza sentensi hiyo ni maneno saba. Kwa Kiswahili ni maneno mawili, lakini neno la kwanza lina sehemu saba: *ha* ya kukanusha, *wa* ya watendaji, *ku* ya wakati uliopita, *ni* ya mtendewa, shina *pik*, *i* ya kutendea, na *a* ya mwisho. Kujua Kiswahili ni kuweza kuzipanga sehemu hizo kwa kasi ya mazungumzo, bila kufikiri.

Sasa itazamwe kazi ya mwanafunzi mbele ya vibao. Akitakiwa kuitoa sentensi hiyo katika Kiingereza, atapanga vibao saba, kimoja baada ya kingine. Akitakiwa kuitoa katika Kiswahili, atagusa vibao viwili, na kile cha kwanza kimekwisha jengwa, kimepakwa rangi, na mlango umetiwa kufuli. Kazi yote ya kujenga imeangukia lugha ambayo mwanafunzi aliijua kabla ya kuanza. Katika lugha aliyokuja kujifunza amepewa kazi ya kuchagua tu. Na kuchagua ni kazi nyepesi. Aliyeona vibao vya *hawakunipikia*, *wali* na *kitanda* hahitaji kujua *ku* ni nini wala *ni* imekaa wapi. Yamtosha kukumbuka ya kuwa neno refu lenye *pik* ni la jikoni.

Hali ni hiyo hiyo katika upatanisho wa ngeli. “Visu vyangu viwili vikali vimepotea” ni sentensi ya maneno matano, na kila moja limebeba alama ya visu. Ugumu wake kwa mgeni si kuitambua alama hiyo anapoiona, bali ni kuikumbuka asipoionyeshwa, na kuichukua kutoka mwanzo wa sentensi hadi mwisho. Vibao vitano vilivyokwisha tiwa *vi* na *vy* hujitafuta vyenyewe kama watoto wa sare moja. Mwanafunzi hupata alama kamili, na kesho yake akitaka kusema habari za visu vyake husema “visu yangu mbili.”

Hata hesabu ya marudio huingia mashakani. Je, *ninapika*, *ulipika* na *tutapika* ni neno moja au matatu? Yakihesabiwa kuwa moja, aliyelijua la kwanza atadhaniwa kuyajua yote. Yakihesabiwa kuwa matatu, hesabu haitakuwa na mwisho: kwa nafsi 6 na nyakati 4 tu kitenzi kimoja kina maumbo 24, na vikiingizwa viambishi vya watendwa wa ngeli zote maumbo hupita 200 bila shida, kabla ya kukanusha na kabla ya kuongeza mnyambuliko wowote. Hapana mtu ajifunzaye Kiswahili kwa kukariri maumbo 200 ya kupika. Hujifunza viambishi, kisha huvitumia po pote. Kwa hiyo kinachostahili kurudiwa na kuhesabiwa katika Kiswahili si neno tu. Ni kiambishi, pamoja na nafasi yake.

Wala jambo hili si uvumbuzi mpya. Ashton alizipanga ngeli kwa mawazo yaliyomo ndani yake na kwa kazi ya viambishi, si kwa orodha ya maneno. Kitabu cha Foreign Service Institute ya Marekani cha mwaka 1963, kilichotungwa na Earl Stevick pamoja na J. G. Mlela na F. N. Njenga, kilimpa mwanafunzi mazoezi ya kubadili sehemu moja ya sentensi huku nyingine zikibaki. Mazoezi ya namna hiyo huchosha, na hapana aliyeyafanya akajiona yumo mchezoni. Lakini kila alipobadili kiambishi, mwanafunzi alikuwa akisema Kiswahili kwa kinywa chake. Programu ya simu imekuja na wepesi ambao vitabu havikuwa nao, ikaacha nyuma kazi ambayo vitabu viliifanya.

Kasoro ya pili inatoka katika kuifanya tafsiri ya Kiingereza kuwa mizani ya haki na kosa. Neno moja la Kiingereza hujumlisha mpunga ulio shambani, mchele ulio gunia na wali ulio sahani. Neno jingine humjumlisha mjomba, baba mkubwa, baba mdogo na ami. Na nyumba ya Mswahili haiwachanganyi watu hao, kwa heshima, kwa mahari, wala kwa urithi. Asemaye “saa moja asubuhi” anahesabu kutoka macheo, wakati ambao Mwingereza huuita wa saba. Maamkio nayo hayana tafsiri, maana *shikamoo* haiwi sahihi wala kosa mpaka ijulikane ni nani anayemwamkia nani. Sentensi iliyosimama peke yake kwenye kioo cha simu haina msemaji wala msemezwa; haina mkubwa wala mdogo. Mwanafunzi aliyepata alama zote za maamkio aweza bado kumwambia mzee “mambo,” na hata siku moja programu isimwambie ya kuwa amekosa adabu, kwa sababu haikuwahi kumwonyesha mzee.

Kasoro ya tatu ni uchache wa maelezo. Mwanafunzi makini atauliza: ikiwa kiti ni *changu*, mbona kijana ni *wangu*, na majina yote mawili yaanza kwa *ki*? Jibu ni fupi: viumbe hai hufuata upatanisho wa watu, hata majina yao yakiwa na umbo la ngeli nyingine. Lakini jibu fupi lisipotolewa, swali hugeuka kuwa kisiki. Zamani wanafunzi wa Duolingo walikuwa na baraza la kuulizana maswali ya namna hiyo, na mara nyingi mjuzi fulani alijitokeza kujibu. Baraza hilo lilifungwa mwaka 2022. Mwanafunzi aliyekosa huonyeshwa sentensi iliyo sahihi. Lakini kuonyeshwa sahihi si kuelezwa kosa.

Hapo ndipo hesabu ya siku inapopotosha. Mfululizo wa siku 300 unathibitisha ya kuwa mtu alifungua programu siku 300, na huo ni ustahimilivu wa kusifiwa. Hauthibitishi ya kuwa aweza kukanusha kitenzi cha wakati uliopita. Mwenye siku nyingi, akifika Tanga au Lamu akaona hawezi kuunga sentensi, atakata shauri moja kati ya mawili: ama yeye ni mzito wa kichwa, ama Kiswahili ni kigumu. Yote mawili si kweli. Kiswahili hakikumshinda, hakupewa kukijenga.

Marekebisho yake hayahitaji kuvunja nyumba. Vibao vigawanywe: *ha*, *wa*, *ku*, *ni*, *pik*, *i*, *a*, na mwanafunzi aunganishe mwenyewe. Hesabu ya marudio imfuatie kiambishi anachokikosea, hata kama kila mara amekikosea katika neno tofauti. Sentensi ya maamkio itanguliwe na habari ya wasemaji wawili na umri wao. Penye majibu mengi yaliyo sawa, yote yakubaliwe. Na penye kosa, maelezo ya mistari miwili yatolewe. Programu inayoweza kukadiria saa ya mtu kusahau neno haishindwi na haya.

Lakini lawama haiwezi kumwangukia mtengenezaji peke yake. Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1964, na Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967. Sarufi, kamusi na istilahi zimeandikwa kwa wingi na wenye lugha wenyewe. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Hata hivyo, mafunzo ya Kiswahili yalipohitaji kuingizwa katika simu, watu wa kujitolea ndio walioifanya kazi hiyo, kwa saa zao za mapumziko. Wanastahili shukrani. Wataalamu nao wanastahili kuulizwa kwa nini mpaka leo programu za namna hii hazipewi uhakiki unaopewa kitabu cha sarufi, ilhali wanafunzi wanaoanzia kwenye simu ni wengi kuliko wanaoanzia maktabani.

Kwa ufupi, Duolingo ni rafiki mwema wa msamiati na wa mazoea ya kila siku, na anayeitumia pamoja na mwalimu au kitabu cha sarufi hatajuta. Ikitumiwa peke yake, humfundisha mtu kukitambua Kiswahili kilichokwisha semwa na wengine. Kwa mwenye kuitaka lugha yenyewe kazi imebaki: afunge simu, achukue shina moja, aseme *nilimpikia*, *hakunipikia*, *tutawapikia*, mpaka ulimi uzoee.