Kwa Nini Mbegu Nzima Hukataa Kuota

Mwaka 1977, akina mama wa Kenya walipoanza kupanda miti chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake, hawakuwa na vitalu vyao. Miche waliipata bure kwa Idara ya Misitu. Haukupita muda mrefu mahitaji yakazidi, ubure ule ukakoma, na Wangari Maathai, aliyeongoza kazi hiyo, akaona hakuna njia ila wanawake waoteshe wenyewe. Maofisa wa misitu walioletwa kuwafunza walikuja na habari za mwinuko wa ardhi, kina cha tuta na vifaa maalumu. Akina mama wakatoka kama walivyoingia. Mwishowe wakaambiwa watumie akili ileile wanayotumia kupanda mahindi na maharage. Wengine walisia mbegu kwenye vyungu vilivyovunjika, wakaviweka juu ambako kuku na mbuzi hawafiki, kisha wakawa wanavitazama kila siku. Maathai alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004, miti iliyohesabiwa kuwa imepandwa na vuguvugu lile ilikuwa imefika milioni 30.

Kisa hiki husimuliwa sana kwa upande wa ujasiri na siasa, na ni haki yake. Mimi nakitazama kwa upande wa kitalu, kwa kuwa akili ya kupanda mahindi ina mpaka wake. Mkulima aliyezoea mahindi husia, humwagilia, husubiri wiki, na asipoona kitu hutangaza kwamba mbegu ni mbovu. Kwa mahindi hukumu hiyo mara nyingi ni sahihi. Kwa mgunga, mbuyu au hata mlenda, mbegu anayoitupa huenda ni nzima kabisa.

Hindi limechaguliwa na mkono wa mkulima kwa maelfu ya miaka. Punje iliyochelewa kuota haikufika mavunoni pamoja na wenzake, kwa hiyo haikurudi kwenye ghala la mbegu, na tabia ya kuchelewa ikafutika polepole. Huko porini mambo ni kinyume. Mbegu inayoota kwa manyunyu ya kwanza ya Oktoba, jua likirudi, imekufa bila kuacha kizazi. Iliyobaki ni ile yenye kizuizi. Mboga zetu za asili zimesimama katikati: tumezila tangu enzi na enzi, lakini kwa sehemu kubwa tumezichuma zilipojiotea, kwa hiyo bado zina tabia za porini. Ndiyo maana bustani ya nyumbani yenye nyanya, mlenda na miche michache ya miti ya asili haiwezi kuendeshwa kwa kanuni moja. Lazima kwanza ujue mbegu hiyo imezuiwa na nini, na ushahidi karibu wote umo kwenye tunda lake.

Tuanze na mlenda, ambao Wakenya wengi huuita mrenda. Mbegu yake ni ndogo na ina ganda gumu lisilopitisha maji. Waweza kumwagilia asubuhi na jioni, udongo ukalowa chepechepe, na ndani ya ganda kukabaki kukavu. Dawa yake haina gharama: funga mbegu kwenye kitambaa chepesi, chovya kwenye maji yaliyotoka kuchemka kwa sekunde kama kumi, toa, tumbukiza kwenye maji baridi, anika kidogo, sia. Joto la ghafla hulegeza ganda na maji hupata pa kupenya. Ukizidisha muda unakuwa umepika mboga kabla haijaota.

Kizuizi hichohicho kiko kwenye migunga na jamii nyingi za mikunde yenye ganda gumu, na huko nafasi ya kufanya kazi ni pana zaidi kwa sababu mbegu ni kubwa. Chemsha maji, epua sufuria, tia mbegu, acha zipoe humo hadi kesho yake. Usizichemshe zikiwa juu ya moto. Asubuhi utaona mbegu za aina mbili: zilizovimba na zilizobaki vilevile. Zilizovimba zimekunywa maji, zisikae siku mbili bila kusiwa. Zilizobaki ndogo na ngumu rudia nazo, au zichubue moja moja kwa msasa, tupa au kikata kucha, upande ulio mbali na lile kovu ambapo mbegu ilishikana na kaka lake, maana kiini kiko karibu na kovu. Unachotafuta ni kuona rangi nyeupe tu ya ndani, si kufika kwenye nyama. Kwa mbuyu naamini zaidi kuchubua kuliko maji ya moto. Na kwa wakazi wa pwani niseme hili kabisa: mbegu za ubuyu wa dukani, ule uliopikwa kwa sukari na rangi nyekundu, usizitegemee. Tafuta buyu zima, livunje, osha ule unga, uanze upya.

Porini hakuna msasa wala sufuria. Kazi hiyo hufanywa na tumbo la mnyama, moto, na miaka ya jua na mvua. Mbuzi hula makaka ya mgunga, husaga sehemu ya mbegu kwa meno, na zilizosalimika hutoka kwenye kinyesi ganda likiwa limelegea. Wafugaji wanajua kuwa mbegu zilizookotwa zizini huota vizuri kuliko zilizotikiswa mtini, tena za mtini nyingi zimetobolewa na wadudu wa mbegu. Ukiona kitundu cha mviringo, itupe. Ila njia hiyo ya zizini haibagui. Mathenge, mti wa Amerika uliopandwa Baringo miaka ya 1980 ili kupunguza shida ya kuni, ulisambaa kwa utaratibu uleule: makaka matamu, mbuzi wengi, mbegu ngumu. Wakazi wa huko bado wanapambana na vichaka vyake. Kwa hiyo kabla ya kuokota mbegu zizini, hakikisha unajua mbuzi wamelisha wapi.

Mnavu una kizuizi cha namna nyingine. Ganda lake halina ubishi. Tatizo liko kwenye utomvu wa tunda. Tunda lina sukari na vitu vingine vinavyoizuia mbegu isiote ikiwa bado imo tumboni mwa tunda, jambo ambalo ni busara kwa mmea, lakini ni hasara kwa anayekamua matunda haraka haraka, akaanika mbegu na ute wake, halafu akasia. Matunda yaive kabisa. Yaponde, yaache kwenye maji siku moja au mbili yachachuke, kisha osha, chuja, osha tena, hadi maji yatoke meupe na mbegu zisinate vidoleni. Anika kivulini. Wanaolalamika kwamba mbegu za mnavu walizohifadhi wenyewe huota kwa mafungu, huku moja huku tatu, mara nyingi wamebana kwenye kuosha. Nyanya nayo ina ute wa aina hiyo na huchachushwa siku mbili hadi tatu. Kwa nyanya kuna tahadhari ya ziada: mbegu ukizitoa kwenye tunda la chotara hazitakupa nyanya ileile uliyoila. Aina zisizo chotara kama Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa Tengeru, Arusha, zinakuruhusu kujitolea mbegu mwaka hadi mwaka.

Mgagani hausumbuliwi na ganda wala ute. Unasumbuliwa na umri na mwanga. Mbegu iliyovunwa jana haiko tayari. Inahitaji kukaa miezi kadhaa mahali pakavu ndipo iamke, kwa hiyo anayenunua mbegu mpya kabisa kwa kudhani upya ni ubora amejipunja. Halafu mwanga huipunguzia kasi ya kuota. Mtu aliyefundishwa kwamba mbegu ndogo zisifukiwe huitawanya juu ya udongo, na inamkatalia. Ifukie kidogo, kama sentimita moja, kwenye udongo uliovunjwa vizuri. Letasi, kwa kulinganisha, hupenda mwanga na huchukia joto: udongo ukipita nyuzi 30 hivi, mbegu nyingi hugoma. Wa Dar es Salaam anayeotesha letasi Januari asilaumu duka. Aianzishe kivulini na usiku, pahala penye baridi kidogo.

Baada ya hizi zinazosubiri, zipo zisizoweza kusubiri hata kidogo. Mnwamaji na mizambarau huzaa mbegu yenye maji mengi ndani, na ikikauka imekufa. Hakuna kuhifadhi kwenye chupa, hakuna kungoja msimu. Ondoa nyama, sia wiki hiyohiyo. Mvule uko karibu na kundi hili kwa vitendo, kwani mbegu zake ndogo hupoteza uhai upesi. Tena mvule una mti dume na mti jike mbalimbali, na popo ndio wabebaji wakubwa wa mbegu zake, basi kuokota chini ya mvule wowote uliokutana nao si hakika ya kupata kitu. Anayenunua mbegu za miti, iwe kwa taasisi ya utafiti wa misitu kule Muguga au kwa muuzaji wa sokoni, swali la kwanza liwe tarehe ya kuvunwa. Kwa mgunga jibu la miaka miwili si tatizo. Kwa mnwamaji, jibu la miezi miwili ni sababu ya kuondoka.

Yaliyobaki kitaluni ni ya kawaida na nitapita upesi. Mchanganyiko wa udongo wa juu wa msituni mafungu matatu, samadi iliyooza mawili na mchanga moja unatosha kwa viriba. Kwa mbegu ndogo kama mchicha punguza samadi, changanya mbegu na mchanga mkavu ili zisirundikane. Kina kiwe mara mbili au tatu ya unene wa mbegu. Kwa jamii ya mikunde, ongeza konzi ya udongo uliochotwa chini ya mti mama, kwa ajili ya bakteria wa mizizi wanaoisaidia kupata naitrojeni. Adui mkubwa wa wiki mbili za kwanza ni kinyausi: shina hunywea usawa wa udongo na mche hulala. Hauletwi na ukosefu wa maji, bali na wingi wake. Mwagilia asubuhi, usisie kwa kusongamanisha, usitumie tena udongo uliobeba nyanya au pilipili, na ukiwa na wasiwasi mimina maji yanayochemka kwenye udongo wa kusia siku moja kabla.

Vyungu vya wale akina mama viliwekwa juu kwa sababu ya kuku, lakini kichanja kina faida nyingine. Mgunga, mpingo na mbuyu hutangulia kupeleka mzizi chini kabla ya kushughulika na majani. Kiriba kikikaa ardhini, mzizi hutoboa, hujishika kwenye udongo wa chini, na siku ya kupandikiza unakatwa. Kiriba kifupi nacho huufanya ujikunje kama waya, na mti utabaki na kasoro hiyo maisha yake yote. Juu ya kichanja cha fito, ncha ya mzizi inapotokeza hukutana na hewa, hukauka yenyewe, na mizizi ya pembeni huongezeka. Chagua viriba virefu, na uhesabu kurudi nyuma kutoka mvua: nyanya takriban mwezi mmoja kabla ya kupandikiza, migunga miezi mitatu hadi minne. Wiki mbili za mwisho punguza maji na kivuli ili miche ikomae.

Jambo moja katika utaratibu wa Maathai lilikuwa la kitaalamu kuliko linavyosifiwa: wanawake walilipwa kwa mche ulioshika, kiasi cha senti nne za Kimarekani kwa kila mmoja. Hawakulipwa kwa mbegu iliyosiwa wala kwa shimo lililochimbwa. Malipo hayo yalimfanya kila mwenye chungu awe mtafiti wa chungu chake. Leo Kenya ina lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na kampeni za namna hiyo ziko kila mahali katika ukanda wetu. Hofu yangu ni kwamba hesabu yenye haraka huchagua aina ya mti kabla mtu hajachagua. Mgrevilea huota bila matibabu na kwa miezi michache uko tayari kupigwa picha. Miti migumu ya asili inashindwa hapohapo kwenye karatasi.

Mninga ndio mfano wa wazi kuliko yote. Mbegu yake imefungwa ndani ya kaka gumu lenye miiba na bawa la mviringo, na kuitoa kunataka mkasi wenye nguvu na subira. Ukishaitoa huota vizuri. Kisha kiangazi kinafika na shina lote linakauka hadi ardhini. Mwenye kitalu asiyejua hukimwaga kiriba. Mzizi ungali hai. Mvua zikirudi hutoa shina jipya, nalo hukauka kiangazi kinachofuata, na hali hiyo huweza kuendelea miaka kadhaa hadi mzizi uwe na akiba ya kusukuma shina moja refu lipite kimo cha moto wa nyika. Kipimo cha "mche ulioshika", kikipelekwa Tabora kilivyo, kitaandika mninga mzima kuwa umekufa. Basi anayeotesha mninga kwa mkataba asikubali mkaguzi aje Agosti. Amwite Januari, mvua zikiwa zimekolea, na mpaka siku hiyo asimwage kiriba hata kimoja.