Uhakiki: Neno "Harambee" Katika Somo la Uchumi

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uchumi hufundishwa mapema kwamba binadamu hutanguliza faida yake. Uchumi tabia huuliza kama ndivyo watu wanavyoamua kweli, na uchumi wa majaribio huwapa watu fedha halisi ili waonekane wanavyozitumia. Katika toleo hili tunahakiki makala moja inayofaa kumwingiza mwanafunzi huyo katika taaluma hizi: ile ya Joseph Henrich na wenzake, iliyotoka mwaka 2001 katika jarida la American Economic Review. Tunaihakiki sisi walimu wa lugha kwa sababu neno la Kiswahili limo katikati ya hoja yake.

Watafiti walifanya majaribio katika jamii ndogo 15, wakiwemo Waorma wa Kenya na Wahadza wa Tanzania. Jaribio kuu ni jepesi kueleza. Mtu hupewa fedha, kisha hutakiwa ampendekezee mwenzake asiyemjua sehemu ya fedha hizo. Mwenzake akikubali, kila mmoja huchukua fungu lake. Akikataa, wote wawili hukosa. Mwenye kujali faida tupu angetoa kidogo mno, na mwenzake angepokea kuliko kukosa. Hakuna jamii hata moja iliyofuata kanuni hiyo. Wastani wa kilichotolewa ulikuwa asilimia 26 kwa Wamachiguenga wa Peru, na asilimia 58 kwa watu wa Lamalera, Indonesia. Hapa ndipo ubora wa makala ulipo: inaonyesha kwa tarakimu kwamba desturi za watu huingia hata katika hesabu zao.

Sehemu inayotugusa zaidi inahusu jaribio la pili. Kila mshiriki huchagua kiasi atakachotia katika mfuko wa pamoja. Mtafiti huongeza kilichokusanywa, kisha wote hugawana sawa, hata asiyetia kitu. Waorma walipoelezwa utaratibu huu waliupa jina papo hapo: mchezo wa harambee. Wakachanga kwa ukarimu, na wenye mali wakachanga zaidi, kama inavyotarajiwa wakati wa kujenga shule ya kijiji. Katika jaribio la kugawana, lisilofanana na desturi yao yoyote, utajiri haukuleta tofauti hiyo.

Kasoro tunayoiona ni kwamba makala inalipitia jambo hili haraka. Katika kurasa zake chache haituonyeshi maelekezo yalitolewa kwa maneno gani katika kila lugha. Kitabu kilichofuata mwaka 2004 kinaeleza zaidi, lakini mwanafunzi anayeanza huishia kwenye makala. Hali inajulikana tangu Tversky na Kahneman walipochapisha utafiti wao mwaka 1981: mpango wa kukabili ugonjwa unaotishia watu 600 ulichaguliwa na asilimia 72 ulipoelezwa kuwa watu 200 wataokolewa, na asilimia 22 ulipoelezwa kuwa 400 watakufa. Hesabu ni ile ile. Kilichobadilika ni maneno.

Sasa tujiulize tungetafsirije majaribio haya. Tukimwambia mshiriki "toa", atasikia sadaka. Tukisema "gawa", atasikia mali ya wote wawili. Tukiita jaribio "mchezo", wengine watadhani ni mzaha, na baadhi ya akina mama wa Tanzania watafikiria upatu. Tukitaja harambee, Mkenya atakumbuka mchango. Tukitaja umuganda, Mnyarwanda atakumbuka kazi ya lazima ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hakuna neno lisilo na mzigo wake.

Jambo hili si la nadharia tu. Wahitimu wetu huajiriwa kutafsiri hojaji na kuhoji wanavijiji. Mtafsiri asiyejua kinachopimwa anaweza kubadili matokeo kwa kitenzi kimoja, na matokeo hayo yakapelekwa kwa wapanga sera kana kwamba ni tabia ya wananchi.

Kwa mtazamo wetu, makala hii isomwe na wanafunzi wa uchumi pamoja na wa Kiswahili, darasa moja. Nusu wapewe maelekezo yenye "toa", nusu yenye "gawa", kisha walinganishe mafungu. Watakuwa wamejifunza uchumi wa majaribio na semantiki kwa kipindi kimoja.