Kiinimacho na Maisha ya Vazi

Vazi lina kazi mbili: kuustiri mwili na kusema na macho. Shuleni aghalabu twaifundisha kazi ya kwanza, na ile ya pili twawaachia wauza nguo. Katika makala haya tunakusudia kuichunguza hiyo ya pili, hususan ufundi wa kuyadanganya macho, na kuuliza: je, ufundi huo hulirefushia vazi maisha, au huliharakisha kwenda jalalani?

Tuanze na Paris ya mwaka 1927. Mbunifu Elsa Schiaparelli, mzaliwa wa Roma, alitoa sweta jeusi ambalo, kwa mbali, lilionekana kuwa na utepe mweupe uliofungwa fundo shingoni. Mtazamaji alipokaribia aligundua kuwa utepe haukuwapo. Umbo lake lilifumwa humo humo katika sweta. Wafumaji wa Kiarmenia walioifanya kazi hiyo walizifuma nyuzi za rangi mbili kwa pamoja, na kwa sababu hiyo sweta halikulegea upesi. Hapa kiinimacho ni mtumishi wa vazi. Kimeleta pambo bila kuongeza kitambaa, na ufundi uleule uliohadaa macho ndio ulioliimarisha sweta.

Mfano wa pili ni kinyume chake. Mchoraji Mwingereza Bridget Riley alipata sifa kwa picha za miraba, mistari na madoa zinazoonekana kutikisika mbele ya mtazamaji. Mwaka 1965 kazi zake zilionyeshwa New York katika onyesho lililoitwa The Responsive Eye. Kabla ya hapo mfanyabiashara wa nguo, Larry Aldrich, aliyekuwa amenunua picha yake moja, alikwisha agiza vitambaa vya magauni vilivyoiiga. Riley alichukizwa mno, akataka hata kwenda mbele ya sheria.

Sisi twaona alikuwa na haki, si kwa hoja ya mali peke yake. Nguvu ya picha ile imo katika vipimo: umbo moja likisogezwa, mtikisiko hufa. Mwili una mabonde na vilima, nao hutembea. Mshono nao huikata mistari. Fundi akitaka mistari ikutane sawasawa mshononi, hana budi kutumia kitambaa zaidi na kutupa vipande. Kilichobaki katika gauni ni mshangao tu, na mshangao huchosha. Gauni huachwa hali uzi wake ungali mzima. Ndiyo maana wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa tuitazame kanga. Ina pindo, mji na jina. Huuzwa kwa doti, ikakatwa katikati na kupindwa, wala hakuna kipande kinachotupwa. Nayo pia husema na macho. Pindo la ubavuni likianguka wima humwonyesha mvaaji kuwa mrefu kuliko alivyo; vijiumbo vya kisutu, vyekundu na vyeusi juu ya weupe, vikitazamwa kwa mbali huchanganyika na kuwa rangi moja iliyokoza. Lakini hadaa hiyo haitegemei msimu. Kanga huvaliwa sherehe, kisha nyumbani, ikawa mbeleko, na mwishowe kitambaa cha kupangusia.

Hatusemi kwamba kila kanga ni njema. Iliyochapwa kwa rangi inayochujuka baada ya kufuliwa mara chache ni mkakasi vilevile, hata ikibeba methali yenye hekima.

Basi mwalimu na ampe mwanafunzi vazi lolote, liwe jipya au la mtumba, amwulize maswali matatu. Macho yanadanganywa kwa njia gani? Hadaa hiyo imegharimu kitambaa kiasi gani? Na mshangao ukiisha, ni nini kitakachomfanya mwenye vazi aendelee kulivaa? Taifa lisilojiuliza swali hili la mwisho litanunua mishangao ya wengine, nalo litabaki na kazi ya kuzika matambara yao.